Utando wa Kahawia Kwenye Tangi Jipya la Samaki (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulitandika mchanga, tukajaza maji na kuwaachia bakteria wema muda wa kujenga makao yao. Leo tulitazame jambo linalomkatisha tamaa karibu kila anayeanza kufuga samaki nyumbani: tangi kugeuka rangi.

Jirani yangu mmoja wa mtaa wa Muhumba, hapa mjini kwetu kando ya Ziwa Kivu, aliniita asubuhi na mapema. "Mwalimu, njoo uone, tangi langu limeota kutu!" Tangi lenyewe lilikuwa na wiki tatu tu. Kioo cha mbele kilionekana kama kimepigwa na vumbi la barabarani wakati wa kiangazi, na mchanga mweupe ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya maziwa. Mkononi alishika vidonge vya antibiotiki, tayari kuvisaga. Nikamwomba avirudishe kabatini kwanza. Nilipopitisha kidole kwenye kioo, ukahawia ule ulitoka mara moja ukaacha njia safi, na kidoleni ukabaki unga, si ute. Jibu likawa limepatikana: dayatomu.

Dayatomu ni viumbe vya chembe moja, havionekani bila hadubini. Hujitengenezea chakula kwa mwanga kama majani, ila ukijani wao umefunikwa na rangi iitwayo fukoksanthini. Watu huuita utando huu mwani wa kahawia, ingawa wanabiolojia huupa jina hilo mwani mkubwa wa baharini wenye rangi hiyo hiyo. Kila chembe hukaa ndani ya kijumba cha vipande viwili vinavyofunikana kama kopo na kifuniko chake, na kijumba hicho kimejengwa kwa silika, malighafi ya kioo. Jirani yangu alikuwa na vioo vidogo visivyohesabika juu ya kioo kimoja kikubwa.

Silika hiyo hutoka wapi? Mji wetu umekaa juu ya miamba ya volkano, na maji yapitayo kwenye miamba ya namna hiyo huiyeyusha na kuibeba. Mchanga mpya nao huweza kuachia kidogo. Tena tangi jipya ni shamba lisilo na mwenyewe: mwani wa kijani haujashika, wala walaji hawajafika. Dayatomu huwahi karamu.

Lakini si kila ukahawia ni dayatomu. Utando unaobanduka kama ngozi, mwekundu-mweusi au kijani-bluu, wenye harufu ya tope, ni bakteria wa mwanga, yaani sianobakteria. Kwenye tangi la maji ya chumvi lenye matumbawe, ukiona nyuzi za kahawia zinazoteleza kama kamasi, zimenasa viputo vya hewa, zikipungua usiku na kurudi mchana, shuku dinoflajelata. Hao ni wasumbufu zaidi, na baadhi yao huua konokono.

Kwa dayatomu, kazi ni nyepesi. Futa kioo kwa kitambaa kisicho na sabuni, nyonya utando wa juu ya mchanga kwa mpira, badilisha sehemu ya maji, na punguza chakula cha samaki. Kuzima taa hakusaidii sana, kwa kuwa dayatomu huridhika na mwanga hafifu. Giza lingekuwa dawa, umeme wetu unavyokatika ungekuwa umeshazimaliza. Konokono walao utando ni wasaidizi wazuri, ila usiwaokote ufukweni: baadhi ya konokono wa maji baridi hubeba kichocho. Mwenye tangi la matumbawe atumie maji yaliyochujwa mpaka silika ikatoka, ndipo aongeze chumvi. Maji ya mvua yana silika kidogo, lakini yakipita kwenye mabati huchukua zinki, nayo ni sumu kwa konokono na matumbawe.

Antibiotiki je? Hazigusi kijumba cha kioo. Zitakaowaua ni wale bakteria wema tuliowasubiri, walao amonia, kisha amonia ipande na samaki wafe. Silika ikipungua, dayatomu hupungua zenyewe, mara nyingi ndani ya wiki chache.

Tena tusizitukane. Kila kiangazi, kati ya Juni na Septemba, upepo hukoroga tabaka la juu la Ziwa Kivu, virutubisho vilivyozama hupanda, na dayatomu huongezeka. Vijidudu vya majini huzila, na vijidudu hivyo huliwa na sambaza, samaki aliyeletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Kinachomkera jirani yangu kioo­ni ndicho kinachoanza safari ya kuja sahanini mwake.

Kwa hiyo, msomaji, tangi lako likigeuka rangi, anza na kidole kabla ya kidonge. Ukiona unga, futa na usubiri.