Mtoto alikuwa na nini mwezi uliopita?

Tuseme mtoto wa miaka minane, mkaazi wa Kabiro kule Kawangware, ana homa kwa siku ya nne. Macho ni mekundu bila tongotongo, midomo imepasuka, tumbo linamuuma na anaharisha. Mamake alianzia kwa kemisti akapewa dawa ya homa. Zahanati walimpima malaria, hana, wakaandika taifodi. Swali moja halikuulizwa: wiki nne zilizopita, nani pale nyumbani alikuwa na mafua au kikohozi?

Umuhimu wa swali hilo ulidhihirika Ulaya mwanzoni mwa janga la korona. Aprili 2020, madaktari wa London walipokea watoto waliokuwa wazima kabisa, sasa wana homa kali na shinikizo la damu limeporomoka. Bergamo, eneo la Italia lililoumizwa vibaya na korona, hospitali iliyozoea kuona mtoto mmoja wa namna hiyo kila miezi mitatu iliona 10 katika miezi miwili. Dalili zilifanana na ugonjwa wa Kawasaki, ambao daktari Mjapani Tomisaku Kawasaki aliueleza mwaka 1967, na ambao huvimbisha mishipa inayoulisha moyo. Lakini Kawasaki huwapata zaidi watoto wa chini ya miaka mitano. Hawa wengi walikuwa wakubwa zaidi, na tumbo na moyo viliathirika mno. Tarehe 15 Mei 2020 Shirika la Afya Duniani likatoa vigezo vya kuutambua ugonjwa huu mpya, unaowasha uvimbe katika viungo vingi kwa pamoja.

Je, ni korona kweli? Jogoo huwika kukakucha, wala si yeye aletaye asubuhi. Hapa lakini kuna zaidi ya kufuatana. Kila wimbi la korona lilipopita, watoto hawa walianza kufika hospitali wiki mbili hadi sita baadaye. Kwa wengi wao, kirusi hakikuonekana tena puani, ila damu ilikuwa na kingamwili, alama kwamba kilishapita. Kisha chanjo ikaleta ushahidi mzito: utafiti wa Marekani kwa vijana wa miaka 12 hadi 18 ulionyesha kwamba dozi mbili za Pfizer zilipunguza hatari ya ugonjwa huu kwa asilimia 91.

Anayeumiza basi si kirusi chenyewe. Ni askari wa mwili waliokosa kurudi kambini. Afrika Mashariki tunalijua jambo hili kupitia ugonjwa wa moyo unaotokana na maumivu ya koo. Bakteria wa kooni hutibika au huondoka wenyewe, kisha wiki chache baadaye kinga ya mtoto inazishambulia vali za moyo wake. Kwa korona, utafiti uliotoka mwaka 2024 ulionyesha kwamba kipande cha kirusi kinafanana na protini ya mwili iitwayo SNX8, na takriban theluthi ya watoto wagonjwa waliopimwa walikuwa na kingamwili dhidi ya protini hiyo. Theluthi mbili zilizobaki zinahitaji maelezo mengine.

Turudi mitaani kwetu. Uchunguzi wa damu uliofanywa Kibera kuelekea mwisho wa 2020 ulikadiria kwamba asilimia 43 ya wakaazi walikuwa wameshaambukizwa. Wengi wa hao hawakuwahi kupimwa wala kulazwa. Kwa hiyo mzazi akisema "hatujawahi kuugua korona hapa," anasema kweli kadiri ajuavyo, lakini jibu lake halimwondolei mtoto hatari. Vipele navyo hujificha kwenye ngozi nyeusi. Mtazame mtoto macho, midomo, ulimi, viganja na nyayo.

Ugonjwa huu ni nadra, na wengi hupona wakiwahiwa. Kingamwili zinazopitishwa kwenye mshipa ni ghali, lakini dawa za steroidi, ambazo ni nafuu na zinapatikana, zina nafasi kubwa katika matibabu. Madaktari wa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, wameshaandika kuhusu kuwatibu watoto wa Kenya katika mazingira ya uhaba. Moyo unahitaji kupigwa picha ya mawimbi ya sauti, na kazi hiyo ni ya hospitali kubwa. Mtoto asipewe aspirini nyumbani. Daktari ndiye huamua.

Homa ikifika siku ya tatu, pamoja na macho mekundu, vipele, maumivu makali ya tumbo au kulegea, usirudi kwa kemisti. Mpeleke mtoto hospitali, na ukifika usingoje kuulizwa. Sema mwenyewe: "Mwezi uliopita pale nyumbani tulikuwa na kikohozi." Sentensi hiyo yaweza kumfanya daktari aupime moyo mapema, badala ya kuandika taifodi kwa mara ya pili.