Kliki Kumi Ziwe Kumi

Mlengaji shabaha anayetafuta darubini ya bunduki ya bei ya kati, tuseme dola 800 hadi 1,500 katika soko la Marekani, hukutana kwanza na namba za ukuzaji. Vortex Viper PST Gen II ya 5-25x50 hukuza mara 25. Sightron SIII ya 10-50x60 hukuza mara 50. Mnunuzi hushawishika kwamba ya pili ni bora maradufu. Lakini ukuzaji nao una gharama yake. Upana wa mwanga unaolifikia jicho ni kipenyo cha lenzi ya mbele kikigawanywa kwa ukuzaji. Lenzi ya milimita 60 kwa mara 50 hutoa milimita 1.2 tu, ilhali mboni ya jicho mchana hufunguka milimita 2 au zaidi. Taswira lazima ififie. Jua likipanda, mazigazi yanayotokota juu ya ardhi nayo hukuzwa mara 50, na mlengaji hujikuta akipunguza ukuzaji ule ule alioulipia.

Kinachostahili fedha kwanza hakionekani dukani: ni usahihi wa magurudumu ya kurekebishia. Kliki moja ya gurudumu, ya 0.1 ya miliradiani, inapaswa kuhamisha pigo sentimita 1 kwenye umbali wa mita 100, hivyo kliki 100 ni mita kamili. Sasa chukua darubini inayohamisha sentimita 97. Upungufu wa asilimia 3 unaonekana mdogo, hadi ufike yadi 1,000, yaani mita 914. Risasi inayohitaji kupandishwa miliradiani 10 itapungukiwa 0.3, nayo itapiga sentimita 27 chini. Kwenye shabaha ya F-Class ya Marekani, mashindano ya kulenga mbali kwa bunduki yenye darubini, duara la alama 10 lina kipenyo cha inchi 10, la 9 inchi 20 na la 8 inchi 30. Mlengaji aliyefyatua bila kosa lolote ataandikiwa 8.

Mshindani wa F-Class atapinga, na ana hoja. Yeye hupiga umbali mmoja, tena huanza na risasi za majaribio zisizohesabiwa. Kosa la kupandisha hulisahihisha kabla alama hazijaanza kuandikwa. Kwake ukuzaji mkubwa, nywele nyembamba za kulengea na kliki ndogo za 1/8 ya dakika ya pembe vina thamani ya kweli. Hata hivyo, upepo ukigeuka atazungusha gurudumu la pembeni, kisha atalirudisha. Lisiporudi palepale, majaribio yale hayamsaidii tena. Katika mashindano ya aina ya PRS (Precision Rifle Series) hali ni ngumu zaidi: shabaha huwekwa umbali tofauti, saa inahesabu sekunde, na hakuna nafasi ya kujaribu. Huko hufaa darubini ambayo alama zake za kulengea hukua pamoja na taswira, ili kipimo kisibadilike kila ukuzaji unapobadilishwa.

Pingamizi jingine ni kwamba programu za kukokotoa mwendo wa risasi huruhusu kuingiza kosa la darubini, kwa hiyo asilimia 3 si tatizo. Ni kweli, ikiwa ni 3 leo, kesho na baada ya mitetemo ya risasi elfu. Kosa lisilobadilika lina dawa, linalobadilika halina. Ndiyo maana katika bei hii kigezo kikuu ni uthabiti: darubini irudie ilichofanya jana.

Kipimo chake hakigharimu sana. Funga bunduki isitikisike, tundika kamba yenye uzito mita 100 mbele, weka alama ya mita 1 iliyopimwa kwa futi kamba. Zungusha kliki 100, tazama nywele zimefika wapi, kisha rudi sifuri. Rudia mara kadhaa. Sogeza pia kichwa bila kuigusa bunduki: nywele zikitembea juu ya shabaha, paralaksi haijarekebishwa. Darubini ikivuka mitihani hii miwili, ndipo uhesabu inakuza mara ngapi.