Mtaro ukiziba Majengo, wakazi wabishe mlango wa nani?

MVUA za masika zinapoanza kunyesha na mtaro ulio mbele ya nyumba ukaziba, mkazi wa Majengo mjini Embu hakimbilii afisi ya serikali. Humwendea jirani. Jirani naye humtaja mwenyekiti wa kikundi, na kabla ya jua kutua vijana kadhaa wameshika sepetu na koleo, kina mama wamechanga pesa za chai, na maji yamepata njia. Mambo ni yayo hayo katika Shauri Yako, na hayabadiliki ukiuzunguka Mlima Kenya hadi mitaa ya Majengo na Mjini kule Meru.

Tabia hii ina asili ya kuheshimika. Mitaa hii ilijengwa na watu waliotoka mbali, wafanyabiashara na vibarua waliofuata maboma ya Waingereza yaliyowekwa katika sehemu hizi mwanzoni mwa karne iliyopita, na mgeni asiye na ukoo karibu naye hujifunza upesi thamani ya jirani. Baada ya uhuru, mwaka wa 1963, Harambee iliufanya msaada wa namna hii kuwa wito wa taifa. Shule, zahanati na mifereji mingi ya maji katika maeneo haya haikuanza kwa pesa za bajeti, ilianza kwa michango.

Hata hivyo, kuna swali ambalo kikundi kikishazibua mtaro hakilikumbuki tena. Mtaro ule ulikuwa kazi ya nani?

Mwenye kibanda cha mboga analipa ada ya soko kila siku. Mwenye duka analipia leseni ya biashara kila mwaka. Mwenye nyumba za kukodisha anadaiwa kodi ya ardhi, na hakuna mpangaji asiyejua kwamba kodi hiyo imo ndani ya pesa anazotoa kila mwisho wa mwezi. Kwa hivyo vijana wanaposhika sepetu, mtaa unalipia huduma ile ile mara ya pili, safari hii kwa jasho.

Kabla ya mwaka wa 2013 jibu la swali hilo lilikuwa jepesi kiasi. Embu na Meru zilikuwa na mabaraza ya manispaa yaliyoundwa chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, kila moja likiwa na meya, madiwani na karani wake. Mabaraza hayo, hapa na kwingineko nchini, yalikuwa na madhambi yao. Yalizama katika madeni, mishahara ilichelewa, na viwanja vya umma vilipata wenyewe katika hali za kutatanisha. Wachache waliyalilia yalipokufa. Lakini yalikuwa na sifa moja: diwani alichaguliwa na watu wa mji, akakaa katika baraza la mji, na akajadili mambo ya mji tu. Tena tangu mwaka wa 2001, chini ya utaratibu ulioambatana na hazina ya LATF, baraza lilitakiwa kuwaita wakazi na kuwauliza ni miradi gani waitakayo.

Uchaguzi wa Machi 4, 2013 ulifunga ukurasa huo. Mabaraza yalitoweka na kazi zake zikahamia kwa serikali za kaunti. Diwani alibaki na jina lake katika mazungumzo ya watu, ila kiti chake kilihamia bunge la kaunti. Bunge la Meru lina wadi 45, la Embu lina 20. Diwani wa wadi ya Kirimari mjini Embu, au wa wadi ya Municipality mjini Meru, sasa huketi pamoja na wenzake ambao wengi wanatoka kwa wakulima wa chai, kahawa, miraa, muguka na viazi. Wenzake wanaomba barabara za kupitisha majani chai na maji ya kunyunyizia mashamba, na hawakosei kuomba. Lakini hesabu ya kura ni hesabu ya kura, na mtaro wa Majengo hauna wingi katika bunge hilo.

Ugumu wa pili ni kwamba milango imekuwa mingi. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, kuzoa taka, masoko, taa za barabarani, kuzima moto, zahanati, shule za chekechea na barabara ndogo za mitaani ni kazi za kaunti. Shule ya msingi iliyo ng’ambo ya barabara ni ya serikali ya kitaifa, pamoja na polisi, vitambulisho na chifu. Hospitali kuu za miji hii miwili, ile ya Embu ya kiwango cha tano na ile ya mafunzo na rufaa ya Meru, ziko chini ya kaunti, ingawa wengi huzidhania kuwa za Nairobi.

Maji yana mlango wake peke yake. Mjini Embu husambazwa na kampuni ya EWASCO na mjini Meru na MEWASS. Kampuni hizi zimo katika milki ya umma wa kaunti, lakini bei haziwezi kubadilishwa bila idhini ya bodi ya kitaifa ya kudhibiti huduma za maji, WASREB, ambayo pia hupokea malalamiko ya mteja aliyepuuzwa na kampuni yake. Stima ni ya Kenya Power. Kuhusu barabara, kilicho rahisi ni kukosea. Barabara kuu inayotoka Embu kupitia Chuka hadi Meru iko chini ya mamlaka ya barabara kuu za kitaifa, KeNHA; baadhi ya barabara za mjini ziko chini ya KURA; kichochoro ni cha kaunti. Mtaro ulio kando ya barabara kuu na mtaro ulio nyuma ya nyumba, ambao huenda umetenganishwa na hatua hamsini, una wenyewe wawili tofauti. Barua moja iliyopelekwa kwa asiyehusika inaweza kulala miezi.

Hapo ndipo chama cha mtaa kinapoweza kufanya jambo ambalo sepetu haziwezi, nalo limeandikwa katika sheria.

Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 ilikusudiwa kurudisha usimamizi wa miji, safari hii kwa bodi za manispaa. Kwa miaka kadhaa haikusaidia miji ya kadiri ya Embu na Meru, kwa kuwa ilidai manispaa iwe na wakazi 250,000. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliteremsha kiwango hicho hadi 50,000. Wakati huo huo Benki ya Dunia, kupitia mpango wa kusaidia miji uliojulikana kama KUSP, ilikuwa imeahidi pesa kwa kaunti 45, zote isipokuwa Nairobi na Mombasa, kwa masharti ambayo miongoni mwake ni kuwa na hati ya manispaa na bodi inayofanya kazi.

Bodi hiyo ina watu tisa. Waziri wa kaunti anayehusika na miji ni mmoja, afisa mkuu wa idara ni mwingine, na watatu huteuliwa na gavana. Wanne waliobaki hutokana na mashirika: vyama vya wataalamu, sekta ya kibinafsi, vyama vya jua kali vilivyosajiliwa, na vyama vya wakazi wa mitaa vilivyosajiliwa. Hao wa mwisho ndio hoja yetu. Majengo, Shauri Yako, Mjini na mitaa mingine yote ya mji mmoja, kwa pamoja, ina kiti kimoja katika bodi inayosimamia taka, mitaro na mipango ya mji. Hakitolewi kwa hisani ya mwanasiasa. Kimewekwa na Bunge.

Kiti hicho kina udhaifu wake, na ni vyema usemwe. Mashirika huchagua, lakini uteuzi hufanywa na gavana na kuidhinishwa na bunge la kaunti. Pasipo vyama vya wakazi vinavyojulikana, vilivyokutana na kuandika kumbukumbu za uchaguzi wao, kuna hatari kwamba mtu ataingia kwa jina la mitaa ambayo haimjui wala haijawahi kumsikia. Na mtaa usiokuwa na chama hautakuwa na la kupinga, maana hautakuwa na hati ya kuonyesha ni nani uliyemtuma.

Neno “vilivyosajiliwa” lina uzito mkubwa kuliko linavyoonekana. Vikundi havikosekani katika miji hii. Kuna vyama vya mzunguko vya kina mama, vikundi vya mazishi, vijana wanaozoa taka nyumba kwa nyumba kwa malipo kidogo, na kamati za Nyumba Kumi zilizoanza mwaka wa 2013. Wako pia wahudumu wa afya ya jamii, ambao kundi lao la watu 100,000 kote nchini lilizinduliwa Septemba 2023. Vingi ya vikundi hivi hupata cheti katika afisi ya maendeleo ya jamii. Zamani cheti hicho kilitolewa kwa utaratibu wa wizara tu, lakini tangu mwaka wa 2022 kuna Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii, inayodai wanachama wasiopungua kumi, katiba na kumbukumbu za mkutano. Chama cha wakazi, kwa upande mwingine, kwa kawaida husajiliwa na Msajili wa Vyama chini ya sheria ya zamani zaidi. Kikundi ambacho katiba yake inasema kazi yake ni kuchangiana na kukopeshana kisishangae kikiambiwa kwamba hakiwakilishi mtaa. Afadhali wakazi waanzishe chama kimoja cha mtaa mzima, na vile vikundi vidogo vikaendelea na shughuli zake ndani yake.

Embu ina funzo la karibu kuhusu jambo hili. Mji huo ulikuwa miongoni mwa miji 15 iliyoingizwa katika mpango wa kuboresha mitaa ya mabanda, KISIP, ulioanza mwaka wa 2011 kwa pesa za Benki ya Dunia na wafadhili wengine. Mpango huo ulihusu barabara, mitaro, mabomba ya maji na zile taa ndefu ambazo kila mtu anaziita mulika mwizi. Katika kila mtaa wakazi walitakiwa kuchagua kamati ya kushauriana na wahandisi. Wazo lilikuwa zuri. Lakini kamati ya mradi huzaliwa na mradi, na mara nyingi huzikwa nao. Taa ikizimika miaka mitano baadaye, anayepaswa kuilipia stima au kubadilisha balbu ni kaunti, na wa kuikumbusha ni chama ambacho hakikungoja wafadhili ili kizaliwe. Kazi Mtaani, mpango wa kuwalipa vijana kusafisha mitaa ambao Julai 2020 ulipanuliwa hadi kaunti zote 47, nao ulimalizika, na nyasi zikaota tena kwenye mitaro.

Kuhusu taka, suala hili si la usafi wa macho tu. Kijana anayezoa taka kwa malipo hawezi kumhudumia asiyeweza kulipa, na asiyeweza kulipa hungoja giza liingie. Taka zake huishia mitoni, Rupingazi na Kapingazi upande wa Embu, Kathita upande wa Meru. Mito hiyo yote hatimaye humwaga maji yake katika Tana, na huko chini, Mbeere na Tharaka, kuna watu wanaoteka maji hayo kwa ndoo. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe tangu nyumbani, zinazooza mbali na zisizooza. Haina maana mama kutenganisha jikoni ikiwa gari litakalokuja litazichanganya tena, au halitakuja kabisa.

Gari hilo hununuliwa kwa bajeti, na bajeti ina kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1. Taarifa ya mkakati wa fedha, inayoamua kila idara itapata kiasi gani, hupelekwa kabla ya Februari 28, na makadirio yenyewe kabla ya Aprili 30. Mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Anayengoja hadi Juni kulalamika ameikuta karamu imekwisha. Vikao vya maoni ya umma hutangazwa, mara nyingine kwa tangazo dogo gazetini ambalo ni shida kuliona, na wanaofika wengi wao ni wazee wenye nafasi na vijana wa wanasiasa. Katika kikao hicho, ombi la “tunataka maendeleo” haliwezi kuandikwa popote. Ombi la mtaro wa kujengwa kwa mawe kutoka msikitini hadi mtoni, lenye urefu uliopimwa na sahihi za wakazi, linaweza.

Kaunti hizi mbili zimevuma nchini kwa vikao vya aina nyingine. Mwaka wa 2014 Martin Wambora wa Embu alikuwa gavana wa kwanza nchini kuondolewa na Seneti, kabla ya mahakama kumrejesha. Meru nayo ilishuhudia Kawira Mwangaza akitimuliwa na bunge la kaunti mara tatu kati ya 2022 na 2024, hadi Seneti ilipomwondoa Agosti 2024 na Mahakama Kuu ikaunga mkono uamuzi huo Machi 2025. Wananchi waliwajua kwa majina maseneta waliopiga kura. Ni wangapi walioweza kumtaja hata mtu mmoja wa bodi ya manispaa yao?

Jina hilo si siri. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa Mkenya yeyote haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa afisi ya umma, na afisi hiyo ina siku 21 za kutoa uamuzi. Barua ya ukurasa mmoja kwa meneja wa manispaa yatosha. Iulize ni akina nani walio katika bodi, ni nani kati yao anayeketi kwa niaba ya vyama vya wakazi, ni vyama gani vilivyomchagua, na mkutano huo ulifanyika siku gani na wapi.