Haya Isiyo Mahali Pake

Haya ni pambo la Muislamu. Lakini haya ikimzuia mtu kuuliza dini yake au kutafuta dawa, imekuwa madhara.

Hapa Katubuka alitujia mama mmoja anayeishi na virusi vya Ukimwi. Kwa kinywa cha watu wa nyumbani alituuliza: amekuwa na mwasho usiomwacha alale, na utoko mweupe mzito, naye kwa kudhani hana tohara ameacha sala yapata miezi miwili. Tulisikitika, si kwa kosa lake, bali kwa kuwa sisi waalimu hatukumfundisha mapema.

Jawabu letu lilikuwa hili: hiyo si hedhi wala si nifasi. Sala haikumwondokea, wala saumu. Ajisafishe, na kama utoko haukatiki, ajifunge kitambaa safi, atawadhe kila wakati wa faradhi unapoingia, kisha asali. Na zile sala zilizompita azilipe kidogo kidogo.

Ama ugonjwa wenyewe, watu wauita fangasi, na kijidudu chake ni kandida. Hukaa katika miili ya watu wengi bila ya kudhuru. Lakini mwanamke akiwa na mimba, au kisukari kisichotulia, au kinga yake ikishuka kwa sababu ya virusi, huzidi na kuwasha. Na kwa huyu wa mwisho hurudi mara kwa mara. Basi mume asiharakishe kumtuhumu mkewe. Fangasi si ushahidi wa zinaa, na wanawake wengi wasio na virusi huipata. Ikirudi rudi, na wapime wote wawili kwa wema.

Dawa ipo. Kuna vidonge vya klotrimazoli vya kuweka ukeni, navyo huwekwa usiku wakati wa kulala, hata Ramadhani visiwe na taabu kwa mwenye kufunga. Kuna na cha kumeza, flukonazoli, ambacho mwenye mimba asikimeze bila ya shauri la daktari. Shabu, ndimu, sabuni na majani yatiwayo ndani havitibu, bali huchubua. Na ukiona harufu mbaya, homa au maumivu ya tumbo la chini, huenda ni maradhi mengine, usikae nyumbani.

Lakini ngome hasa ni dawa za kufubaza virusi, ambazo Serikali yetu hutoa bure tangu mwaka 2004. Zikimezwa kila siku bila ya kuacha, kinga hupanda, na fangasi hupata pa kuzuiliwa.

Mama yule alikwenda hospitali ya Maweni akatibiwa, na leo amerudi kwenye msala wake. Enyi wenye wake na mabinti, Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametuamuru tujitibu. Wafungulieni mlango wa kuuliza kabla maradhi hayajawafungia mlango wa ibada.

Wallahu aalam.