Choo cha Paka: Dalili za Maradhi Asizoweza Kuzificha

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humwumbua. Methali hiyo ilikusudiwa wanadamu, lakini yamwelea paka vilevile. Yeye ni mwindaji mdogo ambaye naye huwindwa na wanyama wakubwa, hivyo maumbile yamemzoeza kuficha udhaifu wake. Akiugua hujikunyata uvunguni na kunyamaza. Mahali anaposhindwa kuficha hali yake ni chooni.

Wauguzi wanaijua vyema karatasi ya wodini inayoandikwa kiasi cha maji yanayoingia mwilini mwa mgonjwa na mkojo unaotoka. Kwa paka anayeishi ndani, beseni lake la mchanga au maranda hufanya kazi ya karatasi hiyo. Mfugaji achote uchafu kila siku, kwa wakati uleule, na atazame anachokichota. Paka mzima mwenye afya kwa kawaida hukojoa mara 2 hadi 4 kwa siku, na hupata choo kikubwa mara 1 hivi, chenye umbo na kisicho kikavu mno. Hata hivyo kila paka ana desturi yake. Kinachotafutwa ni badiliko: mabonge ya mchanga uliolowa yamezidi au yamepungua, yamekuwa makubwa au madogo kuliko ya juzi na jana.

Dharura isiyongoja asubuhi

Paka dume anayeingia chooni mara kwa mara, akachutama na kujikakamua, kisha akatoa tone moja au asitoe kitu, huenda mrija wake wa mkojo umeziba. Mrija wa dume ni mrefu na mwembamba kuliko wa jike, nao huzibwa na vijiwe, chembe za madini au ute unaotoka katika kibofu chenye uvimbe. Wafugaji wengi hudhani mnyama amefunga choo. Humnywesha mafuta na kungoja. Kungoja huko ndiko kunakoua. Mkojo usipotoka, figo hushindwa kufanya kazi, madini ya potasiamu hupanda katika damu, na mapigo ya moyo huvurugika. Paka aliyeziba kabisa anaweza kufa ndani ya siku 2 au 3.

Dalili zinazofuatana na hali hiyo ni kulia akiwa chooni, kulamba sehemu za siri bila kukoma, kutapika, kukataa chakula na kulegea. Mfugaji asimbinye tumbo, kwa maana kibofu kilichojaa chaweza kupasuka. Amfikishe kwa daktari wa wanyama saa ileile, hata ikiwa usiku. Daktari atamlaza kwa dawa na kupitisha mrija mwembamba ili mkojo utoke.

Mabadiliko mengine

Mabonge yakiwa makubwa kuliko kawaida, na bakuli la maji likawa linakauka upesi, hasa kwa paka mwenye umri mkubwa, yafikiriwe maradhi ya figo, kisukari, au tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Akiwa anakula sana na bado anakonda, kisukari na tezi hushukiwa zaidi.

Matone madogo yenye damu kwa paka kijana mara nyingi hutokana na uvimbe wa kibofu usio na bakteria, unaochochewa na mfadhaiko: kuhama nyumba, kuletwa kwa paka mwingine, au beseni chafu. Kwa hiyo kumpa antibiotiki bila kumpima hakumsaidii. Wala paka anayeanza kukojoa sakafuni asipigwe. Huenda anasikia maumivu. Penye paka zaidi ya mmoja, mabeseni yazidi idadi yao kwa moja.

Katika kinyesi, weusi kama wa lami huashiria damu iliyotoka juu tumboni. Vipande vinavyofanana na punje za mchele ni vya minyoo aina ya tegu. Kuharisha au kukosa choo kwa siku 2 kunatosha kuwa sababu ya kumwona daktari.

Hapa iko hatari nyingine: kabati la dawa za nyumbani. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja parasetamoli. Kidonge 1 cha miligramu 500 chaweza kumwua, kwani damu yake hupoteza uwezo wa kubeba oksijeni. Asipewe dawa yoyote ya maumivu ya binadamu.

Usalama wa anayesafisha

Kusafisha kila siku humkinga pia mwanadamu. Paka aliyeambukizwa kimelea cha toksoplasma kwa mara ya kwanza huweza kutoa vijiyai vyake katika kinyesi kwa wiki 1 hadi 3 hivi. Vijiyai hivyo haviambukizi vinapotoka. Huhitaji siku 1 hadi 5 kukomaa. Kinyesi kinachoondolewa kila siku hukosa muda huo.

Mjamzito, na mtu ambaye kinga yake ya mwili imeshuka, amwachie mwingine kazi hii. Ikiwa hana msaidizi, avae glavu na kunawa kwa sabuni. Mhudumu wa afya hana sababu ya kumwamuru mjamzito amfukuze paka wake. Amwulize pia kuhusu nyama isiyoiva vizuri, mboga mbichi zisizooshwa na kazi ya bustani kwa mikono mitupu, maana kimelea hupitia njia hizo vilevile.

Siku utakapompeleka paka wako kliniki, swali la mwanzo litakuwa: amekojoa lini mara ya mwisho, na kiasi gani? Anayechota mchanga kila siku atakuwa na jibu.