Miadi Yako Katika Kalenda ya Ofisi: Nani Anaona Nini?

Ofisi nyingi, za umma na za binafsi, sasa hupanga vikao na miadi kwa kutumia programu za kalenda kama vile Outlook na Google Calendar. Faida yake ni dhahiri. Anayetaka kuitisha kikao hufungua kalenda za wenzake, akaona ni saa ngapi wana nafasi, bila kumpigia kila mmoja simu. Lakini ukurasa huo huo unaoonesha kwamba huna nafasi unaweza pia kuonesha unakwenda wapi, unaonana na nani na kwa sababu gani. Katika makala haya tunaeleza jinsi miadi yako inavyoonekana kwa wengine, na namna ya kurekebisha mwonekano huo.

Kwa nini jambo hili ni muhimu

Mtumishi anayeandika "Kliniki ya kisukari" au "Usaili wa kazi" katika kalenda ya ofisi huandika kama alivyozoea kuandika katika shajara yake. Tofauti ni kwamba shajara hufungiwa katika mtoto wa meza, ilhali kalenda ya ofisi huonekana kwa kadiri mipangilio yake inavyoruhusu. Mpangilio wa mwanzo hutofautiana kati ya ofisi na ofisi, kwa kuwa huwekwa na msimamizi wa mifumo ya TEHAMA. Kwa hiyo usidhani kwamba kalenda yako imefichwa kwa sababu tu hukumruhusu mtu yeyote kuiona.

Taarifa za afya ni miongoni mwa taarifa binafsi nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hata hivyo, hakuna sheria inayoweza kumsahaulisha mtu jambo alilokwisha kulisoma. Kinga bora ni kuliziba pengo mapema.

Ngazi za mwonekano

Programu hizi humwezesha mwenye kalenda kuchagua kiasi cha maelezo ambacho wengine watakiona:

1. Muda pekee. Mwenzako anaona kwamba huna nafasi kuanzia saa fulani hadi saa fulani, basi.
2. Kichwa cha miadi na mahali. Ngazi hii imo katika Outlook.
3. Maelezo yote, yakiwamo maandishi ya ndani ya miadi.
4. Ruhusa ya kubadilisha. Mwenye ruhusa hii anaweza kuongeza, kuhamisha au kufuta miadi yako.

Kwa shughuli za kawaida za ofisi, ngazi ya kwanza inatosha. Anayeitisha kikao anahitaji kujua kama una nafasi. Hahitaji kujua sababu ya kutokuwa nayo.

Hatua za kurekebisha

Kwanza, rekebisha kalenda nzima. Katika Google Calendar kwenye kompyuta, bofya alama ya gurudumu lenye meno iliyo juu ya ukurasa, ingia katika mipangilio, kisha chagua jina la kalenda yako upande wa kushoto. Katika Outlook ya mtandaoni, bofya nukta tatu zilizo kando ya jina la kalenda, halafu fungua sehemu ya kushiriki na ruhusa. Angalia mambo mawili: wanachoruhusiwa kuona watu wote wa ofisini, na majina ya watu uliowahi kuwapa ruhusa za ziada. Aliyehama idara miaka miwili iliyopita huenda bado anaisoma kalenda yako.

Pili, rekebisha miadi yenye siri. Fungua miadi husika na uiwekee alama ya kuwa ya faragha. Wengi wa wenzako wataona muda tu, hata kama kalenda yako kwa jumla inaonesha maelezo.

Tatu, angalia hali ya miadi. Ikiwa imewekwa kuonesha kwamba una nafasi, mwenzako anaweza kupanga kikao katika saa zile zile za kliniki yako. Chagua hali ya kutokuwa na nafasi au ya kuwa nje ya ofisi.

Nne, hakikisha saa. Ukificha maelezo, muda ndio unaobaki kuonekana, hivyo sharti uwe sahihi. Programu hizi huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Saa 3 asubuhi huandikwa 09:00. Ukiandika 03:00, miadi yako itawekwa saa 9 usiku. Aidha, hakikisha umechagua saa za Afrika Mashariki, ambazo katika Outlook huorodheshwa kwa jina la Nairobi.

Mwisho, jaribu. Mwombe mwenzako unayemwamini afungue kalenda yako akiwa kwenye kompyuta yake, akueleze anachokiona.

Mipaka ya alama ya faragha

Alama ya faragha si kufuli. Katika Google Calendar, mtu uliyempa ruhusa ya kubadilisha kalenda yako huona hata miadi ya faragha. Microsoft yenyewe huwatahadharisha watumiaji wa Outlook wasiitegemee alama hiyo kuficha maelezo kwa mtu ambaye tayari ana ruhusa ya kuisoma kalenda. Vilevile, mwaliko ukishatumwa kwa barua pepe, maelezo yake hubaki kwenye barua aliyoipokea mwalikwa, hata ukiificha miadi upande wako. Kumbuka pia kwamba kikumbusho kinaweza kujitokeza kwenye kioo cha simu iliyofungwa, au ukutani wakati kompyuta yako imeunganishwa na projekta kikaoni.

Kwa hiyo tunashauri jambo ambalo halihitaji utaalamu wowote: miadi yako binafsi ipe kichwa kifupi kisichofichua kitu, kama vile "Shughuli binafsi". Maelezo mengine yaweke katika shajara yako au katika kalenda isiyo ya ofisi.

Ukibaini tatizo

Iwapo mipangilio ya ofisi inafichua maelezo yako na huwezi kuibadilisha mwenyewe, mwandikie msimamizi wa mifumo ya TEHAMA na ofisa utumishi, ukieleza ni taarifa gani inaonekana na kwa nani. Tunza nakala ya barua hiyo. Iwapo taarifa zako binafsi zimetumiwa kinyume cha sheria na mwajiri hakuchukua hatua, unayo haki ya kuwasilisha malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.