Kimondo Chako Kimetoka Kariobangi

"Mwalimu, hiki si kimondo?" Gunia la unga linafunguliwa mezani: bonge jeusi la kilo sita, limepandishwa matatu kutoka Dandora. Ni la nne mwezi huu, na kila mwenye lake ameshapiga hesabu ya mamilioni. Ndugu yangu, hilo lina vitundu kama mandazi. Ni mavi ya chuma, uchafu unaobaki skrapu ikiyeyushwa, na Eastlands hatujawahi kupungukiwa na wayeyushaji.

"Lakini sumaku inalishika!" Hata jembe hushikwa. Na ukubwa huo ndio unaonitia shaka zaidi. Mtaani wanaamini kimondo cha kweli sharti kiwe kikubwa, kishuke kikiwaka, kichimbe shimo. Hizo ni sinema. Huko angani kwenyewe vidogo ni vingi kuliko vikubwa, na kikubwa kikija hakifiki kizima. Jiwe huingia kwenye hewa yetu kwa kasi isiyopungua kilomita 11 kwa sekunde. Hewa haiwahi kupisha. Inasongamana mbele yake kama ukuta. Ngozi ya jiwe inayeyuka na kupeperuka. Jiwe lenyewe, lenye nyufa tele za kugongana na mengine, linapasuka likiwa bado kilomita nyingi juu yetu, na kila kipande kinaanza kuliwa upya. Chelyabinsk, Urusi, 2013: jiwe la mita 20 hivi, kipande kikubwa zaidi kilichopatikana, kilo 650 hivi. Mbale, Uganda, 14 Agosti 1992: mamia ya vipande, kikubwa zaidi kilo 27. Kimoja cha gramu chache kilipenya majani ya mgomba kikamgonga kijana kichwani, hakuumia. Thika, Julai 2011: kilo 14 hivi, vyote pamoja. Mwishoni vinadondoka tu kama jiwe lililoachiwa ghorofani, na ndani havijapata joto. Nyumba ikiungua Kayole, tafuteni sababu nyingine.

Utanitajia kimondo cha Mbozi, tani zipatazo 16. Kile ni chuma kitupu, na katika kila vimondo 100 vinavyoonekana vikianguka, vya chuma ni kama 5. Na pete ya kilo 500 ya Mukuku, Makueni, Desemba 2024? Kipande cha roketi.

Haya, upesi. Vitundu? Tupa. Kwaruza jiwe lako nyuma ya kigae cha bafuni: likiacha mstari mwekundu au mweusi, tupa. Tafuta ganda jembamba jeusi, na chembe za chuma zinazometa palipovunjika. Usioshe, usichome. Piga picha kando ya sarafu, andika ulipookota, uje kwetu wanajiolojia wa Chiromo. Kinachoenea mfukoni nitakitazama kwa hamu. Gunia liache nyumbani.